Vianzio vya sentensi, insha ya kielelezo au kusimulia kwanza: kipi kimfae mwanafunzi anayeganda mbele ya daftari?

Kichwa cha insha kimeshaandikwa ubaoni, tarehe imewekwa, mistari imepigwa kwa rula, halafu kalamu zinasimama. Mwalimu yeyote wa Kiswahili anakijua kimya hicho. Nafundisha Gredi ya 7 hadi ya 9 hapa kisiwani Lamu, na kinachoniuma ni kwamba watoto hawa hawa ukiwakuta jioni gatini wanasimuliana jinsi mashua ilivyokwama kwenye fungu la mchanga, utasikia Kiswahili kinachotiririka, kwa sauti na kwa mikono. Asubuhi yake darasani mtoto yule yule anakuletea mistari minne.

Tangu Gredi ya 7 ilipoanza Januari 2023, nimetumia njia tatu kuwatoa pale walipoganda. Nimewapa vianzio vya sentensi, nimewapa insha ya kielelezo waisome kwanza, na nimewafanya wasimulie kwa mdomo kabla ya kushika kalamu. Wenzangu wengi huniuliza ipi bora. Siwezi kutaja moja kwa kila somo, ila nina msimamo kuhusu ipi ikae wapi, na nitauonyesha kwa mada ninayoirudia kila mwaka: je, pikipiki ziruhusiwe kuingia mitaa ya Mji wa Kale?

Mada hii huwasha darasa. Kuna vichochoro hapa ambavyo ukinyoosha mikono unagusa kuta za pande zote mbili, mizigo hubebwa na punda na mikokoteni, na mji wenyewe uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001. Hakuna mtoto asiye na la kusema.

Vianzio vya sentensi

Kianzio ni maneno machache ambayo mwalimu humpa mwanafunzi, naye akamalizia sentensi mwenyewe. “Ingawa…”, “Wanaopinga husema kwamba…, lakini…”, “Kadiri…, ndivyo…”. Wengine hukiona kama mkongojo wa watoto wazito. Mimi sioni hivyo. Bibi akisema “Paukwa!” na wajukuu wakaitika “Pakawa!”, kisa kimeshafunguliwa. Barua za wazee wetu zilianza na “Ama baada ya salamu”. Mtunzi wa utenzi huanza kwa Bismillahi, akaagiza karatasi na wino, ndipo aingie katika habari yake. Hakuna aliyewahi kusema hao hawakujua kutunga.

Binti mmoja wa Gredi ya 8 alianza hivi, bila msaada wowote:

“Pikipiki ni mbaya. Pikipiki zina kelele. Pikipiki zinagonga watu.”

Sentensi zote tatu ni za kweli, lakini hakuna inayozungumza na mwenzake. Nikamwandikia pembeni neno moja tu: Ingawa. Alikaa kitambo, akafuta, akaandika:

“Ingawa pikipiki humfikisha mgonjwa hospitalini upesi, ndia zetu ni nyembamba hata punda wawili wenye mizigo hawapishani.”

Neno moja limemlazimisha atoe haki kwa upande wa pili kabla ya kusimama upande wake. Hakuwa amefundishwa hoja pinzani ni nini, wala hakukariri ufafanuzi wake. Na wale punda wawili ni wake mwenyewe. Mimi sikuwa nimewafikiria. (Hiyo “ndia” ni Kiamu, lahaja ya hapa Lamu, sanifu ni “njia”. Nitalirudia jambo hilo, kwa sababu ni kubwa.)

Huko Marekani, mwalimu aitwaye Judith Hochman alijulikana kwa zoezi dogo la aina hii. Mwanafunzi hupewa nusu ya sentensi, akaimaliza mara tatu: kwa “kwa sababu”, kwa “lakini”, na kwa “kwa hivyo”. Nililijaribu na “Punda hutumika Lamu…”. Kwa “kwa sababu” darasa zima lilimaliza kabla sijafika nyuma ya chumba. “Lakini” iliwasimamisha wote. Kisha mvulana ambaye huwa haandiki chochote akaniletea hii: “Punda hutumika Lamu, lakini wengine hubebeshwa matofali hadi migongo ikatoka vidonda.” Niliisoma kwa sauti mbele ya darasa, na hakuna aliyecheka.

Kuna faida nyingine ambayo orodha nyingi za vianzio zinazozunguka katika simu za walimu haziitaji, nadhani kwa kuwa nyingi zimefasiriwa neno kwa neno kutoka Kiingereza. Katika Kiswahili kianzio hakikai peke yake. Huvuta kitenzi kinachokuja nyuma yake na kukilazimisha kuvaa umbo fulani. “Ili” hudai kitenzi kiishie kwa -e: ili watoto wapite salama. “Kadiri” hudai -vyo-: kadiri pikipiki zinavyoongezeka. “Laiti” hudai -nge- au -ngali-: laiti mitaa ingekuwa mipana, tusingebishana. Ukimpa mtoto kianzio cha Kiswahili chenyewe, umempa na kipande cha sarufi ndani yake, na ataimeza bila kujua kwamba ni dawa.

Chukua “kabla”. Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote. Watoto wengi huandika “kabla polisi walifika”. Uwanjani wakicheza mpira husema vizuri kabisa, “kabla hajafika mpige pasi”. Kalamu ndiyo inayowapoteza. Nilieleza, nikasahihisha kwa wino mwekundu, nikaeleza tena. Siku moja nikaamua kukata kianzio katikati ya kitenzi. Kwenye ukanda wa manila niliandika “Kabla pikipiki hazija…” nikaacha hapo hapo, kwenye -ja-. Hakuna aliyeweza kumalizia vibaya. “Kabla pikipiki hazijaruhusiwa, wazee wa mitaa waulizwe.” “Kabla pikipiki hazijaua mtu.” Wiki mbili za ukanda huo zilinifanyia kazi ambayo muhula mzima wa maelezo haukuifanya. Kama hutachukua kingine katika maandishi haya, chukua hilo: kianzio cha Kiswahili si lazima kiishe mwisho wa neno. Kikate ndani ya kitenzi, pale pale mtoto anapojikwaa.

Sasa hasara yake, na hasara hii ina historia. Sisi tuliofanya KCPE, mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, tulikaririshwa mianzo. “Ilikuwa siku ya Jumamosi, jua lilikuwa limechomoza na ndege walikuwa wakiimba nyimbo tamu…” Insha iliandikwa kwa dakika 40, na mara nyingi mtahiniwa alipewa mwanzo au mwisho wa kisa, kwa hivyo walimu wetu waliona heri tuingie na akiba ya maneno mazuri. Nawaelewa. Mtihani huo ulifanywa mara ya mwisho 2023, lakini mianzo ile ingali hai. Bado napokea “Wahenga hawakukosea waliponena…” kutoka kwa watoto ambao hawakuwahi kukalia KCPE, maana wamerithishwa na kaka na dada zao.

Hapo ndipo lazima tutofautishe. Sentensi ile ya wahenga unaweza kuibandika juu ya insha ya ajali, ya harusi au ya ukame, isibadilike hata herufi. Ni mlango wa nakshi uliopachikwa kwenye gofu. “Ingawa” haikubali hivyo, kwa sababu huwezi kuimalizia bila kujua unazungumzia nini. Kipimo changu ni hicho: kianzio kinachoweza kufungua insha yoyote hakimfunzi mtoto lolote. Kwa kipimo hicho nimeshatoa ukutani “Kwanza kabisa”, na nimetoa pia yale ya kubebwa kutoka Kiingereza kama “Mwisho lakini si kwa umuhimu”, ambayo hakuna mtu wa mitaa yetu ya Langoni wala Mkomani anayeyatamka akiwa na akili zake.

Insha ya kielelezo

Hapa mwalimu huandika insha nzima, darasa huisoma na kuichambua, kisha kila mmoja hutunga yake. Inaonekana ndiyo njia ya heshima zaidi, kwa kuwa mtoto anaona kitu kizima badala ya vipande.

Nilipotaka waandike kuhusu pikipiki, niliwapa kielelezo kuhusu mifuko ya plastiki, ile iliyopigwa marufuku Kenya Agosti 2017. Nilitaka waige muundo: msimamo, sababu, jibu kwa wapinzani, tamati. Waliiga plastiki. Pikipiki zikawa “zinaziba mitaro” na “kuua samaki”, na insha zaidi ya kumi zilimalizika kwa sentensi yangu ya mwisho, neno kwa neno. Sikuwalaumu. Mtoto akionyeshwa kitu kilichokwisha kamilika, jambo la salama ni kukinakili.

Tafiti zinaelekea upande huo huo. Mwaka 2007 Steve Graham na Dolores Perin walikusanya tafiti nyingi za kufundisha uandishi kuanzia Gredi ya 4 hadi ya 12, wakapima kila mbinu ina nguvu kiasi gani, sifuri ikiwa na maana ya kutoleta tofauti. Kuchambua na kuiga vielelezo kulipata 0.25. Mazoezi ya kuunganisha sentensi fupi ziwe moja yenye maana pana yalipata 0.50. Kuwafundisha wanafunzi mikakati ya kupanga, kupitia na kuhariri kulipata 0.82. Vianzio havikuwa na nafasi yao katika orodha ile ya mambo 11, ila zoezi la “ingawa” ni ndugu wa kuunganisha sentensi: sentensi tatu za yule binti ziligeuka moja.

Hata hivyo kuna mahali ambapo kielelezo hakina mpinzani. Barua rasmi. Anwani mbili, tarehe, mtajo, KUH: iliyopigiwa mstari, sahihi na jina chini yake. Haya hayafikiriwi, yanaonwa. Waonyeshe barua moja nzuri, waandike, mwendelee na mengine.

Kusimulia kwanza

Hii ndiyo njia ninayoipenda kwa moyo, na nakiri mapema kwamba ni ghali kwa muda. Tuna vipindi 4 vya Kiswahili kwa wiki, kila kimoja dakika 40, na ndani yake kuna kusikiliza, kusoma, sarufi na kuandika. Nawaketisha wawili wawili. Mmoja anasimulia kwa dakika tatu, mwenzake anamrudishia alichosikia, kisha wote wanaandika. Kelele zake huvuka ukuta, na mwalimu wa darasa la jirani amekuja kunichungulia mara kadhaa.

Nilijifunza thamani yake kwa kukosea. Mada ilikuwa kueleza jinsi kazi fulani inavyofanywa. Kuna mvulana wa Gredi ya 7 anayetoka kijiji cha Matondoni, baba yake ni fundi wa vyombo, na yeye mwenyewe hushinda pale ufukweni kila likizo. Niliona kazi itakuwa rahisi kwake, nikampa vianzio: Kwanza, Kisha, Mwisho. Akaniletea hii:

“Kwanza unatafuta mbao. Kisha unaunda mashua. Mwisho unaiteremsha majini.”

Mistari mitatu! Kesho yake nikaviondoa vianzio nikamwambia amsimulie mwenzake ambaye hajawahi kuona mashua ikiundwa. Nikasogea karibu nikasikiliza. Alianza na mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo. Akaja kwenye mataruma, yaani mbavu za chombo, jinsi baba yake anavyochagua tawi lililopinda lenyewe badala ya kukata ubao uwe na pindo. Akafika kwenye kalafati: pamba iliyotiwa mafuta inavyosukumwa ndani ya mwanya kwa patasi na nyundo, kidogo kidogo, na jinsi sauti ya nyundo inavyobadilika mwanya ukishajaa. “Ukisikia inalia kama jiwe, basi, usiongeze.” Akasema sifa, yale mafuta ya papa, harufu yake haitoki mikononi hata ukioga mara mbili. Alipoketi kuandika alijaza ukurasa na nusu.

Vianzio vyangu ndivyo vilivyomfunga mdomo. “Kwanza, Kisha, Mwisho” vilimwambia kwamba kazi ya baba yake ina hatua tatu, na yeye mtoto mwenye adabu akatii.

Tangu siku hiyo, kabla ya kuchagua njia najiuliza swali moja: mtoto huyu amepungukiwa na nini? Kama habari anayo tele na amekosa pa kuanzia tu, mwache aongee kwanza. Kama ana msimamo lakini mawazo yake yamekaa kila moja kivyake, kama pikipiki za yule binti, mpe kianzio. Kama hajui umbo la kitu linavyoonekana kwenye karatasi, mpe kielelezo. Na kama hana la kusema kabisa, hakuna hata moja kati ya hizi itakayomsaidia; mpeleke akaone, au muulize maswali.

Kiamu na sanifu katika mstari mmoja

Turudi kwenye ile “ndia”. Sehemu kubwa ya darasa langu huzungumza Kiamu nyumbani: ndia, mato, yana, moya. Sanifu wanaikuta shuleni na redioni. Wenzetu wanaofundisha bara hawana mtihani huu kwa namna hii, na ndiyo sababu siwezi kuchukua ushauri wao wote kama ulivyo.

Mtoto akisimulia kwanza, Kiamu huja chote na daftari hujaa. Akipewa kielelezo, Kiamu hutoweka, lakini ni kwa sababu amenakili. Hakujua kwamba kulikuwa na tofauti. Kianzio huweka lugha zote mbili katika mstari mmoja. Mwanzo ni sanifu, mwisho ni wake, na tofauti inaonekana wazi kwa macho. Siandiki “kosa” wala sitii mviringo mwekundu. Pembeni naandika: Nyumbani: ndia. Daftarini: njia. Basi. Kiamu ni lugha iliyotungiwa tenzi hapa hapa kwa karne kadhaa, na sitakuwa mimi wa kumwambia mtoto kwamba mama yake hajui Kiswahili. Nimewahi kumsikia mwalimu akisema hivyo, na mtoto yule hakuandika zaidi ya aya moja mwaka mzima.

Kwa watoto waliohamia kutoka bara mambo hugeuka. Wao wana sanifu ya vitabuni lakini viunganishi ni vichache, kila kitu ni “na” na “halafu”. Hao vianzio huwafaa kuliko njia nyingine yoyote.

Kuviondoa

Mwaka 1976 wataalamu watatu, David Wood, Jerome Bruner na Gail Ross, waliufananisha msaada wa mwalimu na jukwaa ambalo fundi hulisimamisha ili afikie juu ya ukuta. Hapa kwetu majukwaa hayo hufungwa kwa boriti za mikoko, na kila mtoto ameyaona yakifunguliwa nyumba inapokwisha. Vianzio navyo ni vya kufunguliwa. Ukiviacha ukutani mwaka mzima, utapata darasa la Gredi ya 9 ambalo insha zake zote zinasikika kama za mtu mmoja, na kwa KJSEA, mtihani wa mwisho wa Gredi ya 9, uliofanywa mara ya kwanza 2025, hakuna ukuta wa kuchungulia.

Utaratibu wangu ni huu. Wiki mbili za kwanza wote wanatumia kianzio kimoja. Wiki mbili zinazofuata kila mmoja anachagua kati ya sita. Baada ya hapo nageuza kanda za manila zitazame ukuta. Aliyekwama anaruhusiwa kuinuka, akageuza ukanda mmoja, akausoma, akaurudisha, bila kuniomba ruhusa. Mwanzoni wanainuka kumi, kumi na mbili. Kufikia mwisho wa muhula huwa wawili watatu.

Basi kama wiki hii una kipindi kimoja tu cha insha na Gredi ya 7, na mada ni ya hoja, usichapishe orodha ya vianzio thelathini. Andika sita kwenye manila usiku wa leo: Ingawa, Kadiri, Laiti, Ili, Licha ya, na “Kabla … haja-” kikiwa kimekatwa katikati. Kesho fundisha kimoja, “Ingawa”, na udai sentensi tatu tu kutoka kwa kila mtoto. Kama mada ni ya masimulizi au ya kueleza kazi, viache kabatini, wapange wawili wawili, uvumilie kelele.

Mimi hubandika na ukanda wa saba, mtupu. Muhula uliopita ulikaa hivyo hivyo mpaka wiki ya tisa, kisha asubuhi moja nikaukuta umejazwa kwa penseli, kwa mwandiko ambao mpaka leo sijaujua ni wa nani: “Hata kama hawatusikilizi, …”

Darasa zima liliumalizia.